Donge la Unga na Karatasi ya Sikukuu

Mkesha wa Idd, nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mtoto hafukuzwi jikoni. Unga wa visheti umeshakandwa, karai liko motoni, shira inachemka pembeni, na watoto wamekalishwa mkekani hatua kadhaa kutoka kwenye mafuta. Ili watulie, kila mmoja hukatiwa donge lake la unga. Haambiwi afinyange nini. Mmoja hutengeneza nyoka. Mwingine hulibamiza donge mpaka linapoteza weupe. Mwingine hulitoboa kwa kidole, akaziba tundu, akatoboa tena, na kazi hiyo humchukua muda mrefu kuliko mama yake anavyotumia kukata sinia zima. Mwisho vyote huingia kwenye karai pamoja na visheti vya wageni, na vikishatoka kila mtoto hukitambua chake bila kuuliza.

Sijapata kumsikia bibi akimwambia mjukuu kwamba nyoka wake wa unga amekosewa. Wala sijamwona mkubwa akimnyang'anya mtoto donge ili alinyooshe, lipendeze machoni pa wageni.

Miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya mkesha kama huo, binti yangu alirudi kutoka darasa la awali na kadi ya Idd. Alikuwa na miaka mitano. Kadi ilikuwa na msikiti wenye mnara, mwezi mwandamo na nyota moja, mistari imenyooka, kijani hakikuvuka mpaka hata kwa unywele. Nikamsifu. Akanitazama kidogo, akasema, "Siyo yangu, mama. Ni ya mwalimu. Mimi nilipaka hapa." Kidole chake kikaenda kona ya chini, pale kijani kilipopakwa juu ya rangi nyingine. Ilikuwa zambarau, na bado ilikuwa inachungulia.

Mwalimu yule simlaumu, na shule yenyewe haina haja ya kutajwa, kwa sababu kadi za namna hiyo zinatoka katika shule nyingi, za serikali na za binafsi, za mjini na za Pongwe huko, na katika nyumba zetu pia. Ninachotaka kukichambua ni kile kinachotupata sisi watu wazima. Mbele ya unga tunajua kabisa namna ya kumwachia mtoto mdogo kazi yake. Likija suala la karatasi na rangi, ujuzi huo unatuponyoka, na wakati wa sikukuu ndipo unapotuponyoka zaidi. Ninaamini tunakosea, na kosa lenyewe lina gharama kwa mtoto. Rangi ikitolewa kwa ajili ya sikukuu, ya kwanza kuamuliwa iwe ni mtoto apewe nini mkononi. Picha itakavyokuwa tumwachie yeye.

Kwa nini tunashindwa? Naona sababu kubwa ni kwamba kadi ya sikukuu siku hizi haiishii kwa babu na bibi walioandikiwa. Inapigwa picha, inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na huko inasomwa kama ushahidi: huyu mwalimu anafundisha, ile ada haijapotea, mtoto wa fulani "anajua kuchora". Mwalimu mwenye watoto 70 darasani anaijua hukumu hiyo kabla haijatamkwa. Kwa hiyo anachora mfano mmoja ubaoni, au anakwenda steshenari kutoa kopi 70 za msikiti uleule, na saa ya mwisho anapita dawati kwa dawati akinyoosha. Serikali haikumtuma afanye hivyo. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliuweka umahiri wa kumudu stadi za kisanii bega kwa bega na kuwasiliana na kutumia dhana za kihisabati, yaani ulikiri kwamba sanaa ni kazi ya mtoto. Macho ya wazazi ndiyo yanayoirudisha kazi hiyo kwa mwalimu.

Krismasi hali huwa hiyohiyo, labda na zaidi. Kopi zinazozunguka Desemba zina mzee mwenye ndevu na koti zito, msonobari, na paa la nyumba lililofunikwa na theluji. Desemba ya Tanga ni fukuto. Watoto wetu wanaijua Krismasi kwa tawi la mvinje lililokatwa na kusimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, na kwa ule mti wa barabarani tunaouita mkrismasi, ambao mwezi huo huwaka maua mekundu mpaka chini yake panakuwa kama pametandikwa kanga. Hayo hayamo katika kopi. Na theluji, ukiifikiria vizuri, ina ubaya wake wa pekee katika zoezi la kupaka rangi: ni nyeupe. Mtoto wa Makorora anaelekezwa aiache karatasi ilivyo, mahali palipokuwa na nafasi kubwa kuliko zote, kwa heshima ya kitu ambacho hajawahi kukigusa.

Tuangalie sasa mtoto mwenyewe anafanya nini anapopewa rangi bila mfano. Anayeitazama karatasi kwa haraka huona michirizi tu. Rhoda Kellogg, aliyesimamia shule za chekechea mjini San Francisco, hakuitazama kwa haraka. Alikusanya michoro ya watoto wadogo zaidi ya milioni moja, na mwaka 1969 akachapisha uchambuzi wake. Alitofautisha aina 20 za michirizi ya msingi: nukta, mstari wa wima, wa mlalo, wa mshazari, uliopinda, uliojizungusha, na kuendelea. Akaonyesha jinsi mtoto anavyotoka hapo kwenda kwenye maumbo, akayaunganisha maumbo, akafikia duara lenye msalaba ndani yake au lenye miale kama jua, na kutoka kwenye jua hilo, miale ikipungua na kubaki michache, ndipo anapotokea mtu mwenye kichwa, mikono na miguu. Safari hiyo mtoto huipita kwa kuchora, tena sana, bila mtu kumwonyesha jua linachorwaje.

Mimi sihitaji kukubaliana na kila alichokisema Kellogg ili nione maana yake kwa kadi ya binti yangu. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayepewa kopi ya msikiti ajaze kijani ndani ya mistari, huwa ameondolewa kwenye kazi aliyokuwa ameifikia na kupewa ya mtu mwingine. Atajifunza kitu, sikatai. Atajifunza kuuzuia mkono. Lakini lile jua lake alilokuwa karibu kulipata linamngoja siku nyingine, na kama kila siku ya rangi ni siku ya kopi, siku hiyo nyingine haiji.

Halafu kuna zawadi. Sisi na sikukuu zetu tunapenda kumtafuta mshindi. Idd Pili watoto wakikusanyika, au shule ikifunga kwa Krismasi, hakosi mtu mwema aliyenunua madaftari na juisi kwa ajili ya "mchoro bora". Nia ni safi. Matokeo yake yalishapimwa zamani. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe iwapo watachora. Wengine walichora, kisha wakapewa cheti kama cha ghafla. Wengine hawakuahidiwa wala hawakupewa. Siku zilipopita, kalamu zikawekwa tena mezani bila ahadi yoyote, na muda wa kila mtoto ukapimwa. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Kitu walichokuwa wanakipenda kilikuwa kimegeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakina mfanyaji.

Miaka tisa baadaye mtafiti mwingine wa Marekani, Teresa Amabile, alifanya jambo lililo karibu zaidi na sherehe zetu. Aliandaa karamu za watoto wa kike wa miaka 7 hadi 11, wakakata na kubandika karatasi za rangi kutengeneza picha. Kundi moja waliambiwa kazi bora zitashinda zawadi. Kundi jingine zawadi zilezile ziligawiwa kwa bahati nasibu. Wasanii walipozipima kazi bila kujua ipi imetoka wapi, za walioshindanishwa zilionekana kuwa na ubunifu mdogo. Hao walikuwa wakubwa kuliko watoto ninaowazungumzia hapa. Kwa wadogo zaidi, ambao hata maana ya kushindana hawajaishika sawasawa, kinachobaki ni kwamba fulani amesifiwa na mimi sikusifiwa, na wanarudi nyumbani na hilo siku ya furaha. Juisi ni ya bei nafuu. Wanyweshwe wote, wachoraji na wasiochora, mchango huo ungekuwa sadaka nzuri zaidi.

Sifa nazo zina matatizo, na hapa ndipo mimi mwenyewe ilinibidi nibadilike. "Ni nini hiki?" ni swali ambalo kila mtu mzima wa mji huu analiuliza akionyeshwa karatasi. Limejaa upendo. Lakini mchunguze mtoto anayeulizwa. Kama alikuwa anasukuma nyekundu kuelekea kwenye manjano ili aone itakuwaje, hana jibu, kwa sababu si kitu. Ni jambo lililokuwa linatokea. Anakutazama usoni, anatafuta neno litakalokuridhisha, anasema "nyumba". Kesho yake anachora nyumba. Baada ya wiki mbili anachora nyumba tu. Nimejifunza kukaa naye mkekani na kunyamaza, na nikisema, niseme ninachokiona: hapa umezungusha mara nyingi, hii nyekundu imekuwa nzito, huku umeacha pengo. Mtoto akitaka kunisimulia, atanisimulia mwenyewe, na masimulizi yake huwa marefu kuliko "nyumba".

Katika mji kama Tanga lipo jambo jingine la uzito ambalo wanaozungumzia sanaa za watoto hulikwepa. Nyumba nyingi za Kiislamu hapa hazipendi mtoto achore viumbe wenye roho. Wengine wanalishika jambo hilo sana, wengine kidogo, lakini lipo, na mwalimu anayegawa kopi ya mzee wa Krismasi, au hata ya kondoo wa Idd el Haj, anamweka mtoto kati ya mkono wa shule na mkono wa nyumbani. Nimesikia wazazi wakilalamika, na nimesikia walimu wakiwaona wazazi hao wagumu. Ugumu umeletwa na kopi. Karatasi tupu haimlazimishi mtoto yeyote kuchora kiumbe. Mwenye miaka mitatu hata hana haja hiyo. Atazungusha, atanukta, atafuta, ataanza upya. Na jirani yake wa nyumba ya Kikristo anayetaka kumchora mtoto Yesu horini atamchora, hakuna atakayemzuia. Wote wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanachovya kwenye kopo moja.

Tena tusisahau kwamba pwani hii haijawahi kungoja sura ya mtu ili ipambe sikukuu. Tazama pindo la kanga. Tazama ukili wa mkeka mpya uliotandikwa sebuleni asubuhi ya Idd, nakshi za milango, maua ya hina yanayopanda kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Ni mistari, nukta, miraba, majani, na marudio. Mtoto anayejaza karatasi nzima kwa nukta za chungwa kwa ajili ya sikukuu ya nyanya yake yuko nyumbani kwake kisanaa, na hata nyanya atalielewa hilo kama hatulikatizi kwa kuuliza msikiti uko wapi. (Kwa kuwa nimeitaja hina: hina halisi haitoi rangi nyeusi tii. Piko nyeusi inayopakwa watoto ili ishike haraka huweza kuwa na kemikali ya kutia nywele rangi, ambayo imewachubua wengi ngozi. Mikono ya watoto wadogo tuiachie hina yenyewe.)

Jirani yangu mmoja, fundi seremala aliyezeeka kazini, alinipinga kwa hoja nzito kuliko zote nilizokutana nazo. Nilikwenda kumwomba vipande vya mbao, nikamwamkia, maneno yakatupeleka huko. "Mwanangu," akasema, "mimi nimejifunza kwa kuiga. Randa nimeishika nikimtazama bwana wangu miaka miwili. Leo mnataka mtoto asiige?"

Nimeifikiria sana kauli hiyo, maana ni kweli. Ukili, nakshi, hina, hati za madrasa, vyote vinarithiwa kwa kuiga, na anayeandika alifu kwa kupinda anavyotaka mwenyewe hajaandika alifu. Mfano mkubwa wa nchi hii unaonekana kumuunga mkono fundi wangu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya huku kwetu Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo minne tu alikwishawakusanya ndugu na vijana waliokaa pembeni yake wakimtazama mkono, na kwa kumuiga wao, mtindo uliobeba jina lake umelisha familia nyingi hadi leo.

Lakini angalia nani anaiga. Ni kijana aliyekwenda kutafuta kazi, anayejua anachokitaka, ambaye mkono wake umekomaa na akili yake inaweza kushika mfano na kuupima. Mtoto wa miaka minne hayuko kwenye benchi hilo. Yeye bado anajifunza kwamba mkono wake ukipita, alama inabaki. Na Tingatinga mwenyewe, kabla hajawa wa kuigwa, sijasikia kwamba kuna aliyempa kopi ya kujaza.

Fundi wangu alikuwa sahihi kwa jambo jingine pia, nami nalichukua: mtoto anastahili kufundishwa namna ya kutumia chombo. Kumwachia picha hakuna maana ya kumtupa na rangi na kuondoka. Aonyeshwe kuosha brashi kabla ya kuhamia rangi nyingine, kuifuta ukingoni mwa kopo isidondoke, kutumia upana wake na ncha yake, kuziba kopo baada ya kazi. Hayo ni maelekezo halali na huwa wanayapenda. Mpaka ninaouweka ni pale maelekezo yanapohama kutoka kwenye brashi kwenda kwenye picha.

Na anayepanga vifaa ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Kwa mfano, kwa Idd, usimpe mtoto kijani. Mpe buluu, manjano, nyekundu na nyeupe, kidogokidogo, kwenye vifuniko vya chupa. Kijani cha Idd atakitengeneza mwenyewe, na hutausahau ule uso siku buluu itakapoingia kwenye manjano kwa mara ya kwanza. Ataendelea kuchanganya, atatia nyekundu, na chote kitageuka rangi ya matope. Hapo ndipo mkubwa anatamani kuokoa. Nakuomba uvumilie. Mtoto aliyeharibu kijani mara tatu, ya nne huinua brashi mapema, na hakuna maelezo yangu ambayo yangemfikisha hapo.

Rangi zenyewe zinapatikana. Unga wa muhogo kikombe kimoja kwenye maji vikombe vitatu au vinne, upikwe kama uji mpaka ung'ae, utiwe chumvi kijiko, uachwe upoe kabisa: hiyo ni rangi ya vidole inayoteleza vizuri, hata ya mtoto ambaye bado kila kitu anakipeleka mdomoni. Gawanya, tia rangi ya chakula, au bizari ya manjano, au maji mazito ya rosela, au mbegu za mzingefuri zilizosuguliwa kwenye maji. Bizari ina siri ambayo kila mfuaji wa Tanga anaijua: doa la mchuzi likikutana na sabuni ya kufulia, manjano hugeuka wekundu wa kutu. Paka karatasi yote kwa maji ya bizari, iache ikauke, kisha mpe mtoto wa miaka mitano au sita pamba iliyochovywa kwenye maji ya sabuni. Atachora kwa wekundu unaotokea palepale. Msiwe na papara ya kueleza kemia. Wacheni wachore kwanza. Rangi hizi hudumu siku moja au mbili tu, na kwa mkesha wa sikukuu inatosha.

Kwa brashi, nani atahangaika Tanga? Mkonge ulioletwa mwaka 1893, ambao miche yake 62 tu ndiyo iliyosalimika safari na kupandwa upande wa Pangani, umetuachia katani kila mahali. Kipande cha kamba, kikafungwa kwa uzi kwenye kijiti, ncha ikapondwapondwa na kulowekwa, ni brashi nzuri yenye tabia yake. Unyoya wa kuku una yake. Bamia iliyokatwa kwa upana, ikichovywa na kugandamizwa, hutoa nyota, na kila bamia ina nyota yake. Bua la mgomba hutoa vyumba kama vya mzinga. Karatasi ni maboksi ya madukani yaliyofunguliwa, upande wa ndani.

Onyo moja nalitoa kwa msisitizo wote. Kabla ya Idd na kabla ya Krismasi nyumba zetu hupakwa upya, na hubaki makopo yenye rangi kidogo ya mafuta, ile ya milango na madirisha. Usimpe mtoto. Rangi za mafuta huweza kuwa na madini ya risasi, hasa nyekundu na manjano zile zinazowaka, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hulamba vidole. Risasi huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Chokaa nayo huunguza macho. Rangi za baiskeli zilimfaa Tingatinga, mtu mzima. Uji wa muhogo unamfaa mwanao.

Narudi kwa mwalimu mwenye watoto 70, maana haki yake ni kuulizwa anawezaje. Sitamwambia agawe karatasi 70 na makopo 70. Meza moja, watoto saba, siku zote za shule za wiki mbili kabla ya sikukuu, wengine wakiwa kwenye kona nyingine za kujifunzia: kila mmoja atafika zamu yake. Na kwa darasa zima kwa pamoja lipo zoezi ambalo nalipenda kuliko yote, nalo halina gharama hata senti tano. Ni maji. Makopo ya maji na brashi za katani, saa nne asubuhi, kwenye ukuta wa saruji au sakafu ya kibaraza. Saruji kavu ikilowa hugeuka nyeusi, na mtoto anaweza kuchora mstari mrefu kuliko mwili wake, akinyoosha mkono mzima kutoka begani, jambo ambalo karatasi ndogo haimruhusu. Jua la Tanga linakuja nyuma yake linafuta. Mwanzo wa mstari unapotea kabla hajafika mwisho wake. Nimewaona watoto wakigundua hilo, wakaanza kushindana na jua, wakarudi walikotoka, wakachora juu ya kilichofifia. Hakuna cha kupiga picha na kupeleka kwenye kundi la wazazi. Mwalimu hana cha kunyoosha. Mikono ile inayokwenda juu na chini kwa nusu saa ndiyo itakayoshika penseli mwakani, kwa mwenye haja ya kusikia faida ya namna hiyo.

Bado kuna swali la kadi. Babu anatarajia kupata kitu, na sikukuu bila kitu cha kupeleka si sikukuu. Nyumbani tulilimaliza hivi. Mwezi wa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, wakati wakubwa wanahangaika na futari na watoto hawana subira, mkeka unatandikwa uani na rangi zinatoka. Picha hazihesabiwi wala hazichambuliwi. Zinaanikwa kwenye kamba kwa vibanio, katikati ya kanga. Mkesha wa Idd, sahani za visheti zinapopangwa za kupelekwa kwa majirani, kila sahani hufunikwa kwa karatasi safi, na juu yake moja ya karatasi za watoto, anayoichagua mtoto mwenyewe kwa jirani anayemchagua. Binti yangu mwaka ule wa kwanza aliipeleka ya zambarau tupu, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mama wa nyumba ya tatu, ambaye ni Mkristo.

Sahani kwetu hairudi tupu. Ile ilikaa kwao mpaka Krismasi. Ikarudi na maandazi, imefunikwa kwa karatasi iliyojaa alama za vidole vyekundu vya mtoto wao wa miaka miwili, na kona moja ilikuwa imechanika.